Bakteria Wenye Ukuta wa Nta

Msikilizaji wetu wa Kisongo, maziwa yaliyotoka kukamuliwa yachemshe kwanza. Ng'ombe anaweza kubeba Mycobacterium bovis, ndugu wa karibu kabisa wa Mycobacterium tuberculosis anayeleta kifua kikuu. Yule wa ukoma naye ni wa jenasi hiyohiyo. Kwa binadamu, huyu wa ng'ombe mara nyingi huvimbisha tezi za shingoni.

Wote wana ukuta wenye mafuta mazito kama nta. Dawa nyingi haziupenyi, na maabara wakishaupaka rangi nyekundu, hata asidi haiitoi. Tena hukua polepole mno: wapo bakteria wa tumboni wanaogawanyika kila dakika 20, lakini huyu wa kifua kikuu huchukua takriban saa 20. Ni sababu mojawapo ya dawa kumezwa miezi mingi.

Ukikohoa wiki mbili, wahi kupima makohozi. Ni bure.