Jua Halina Kiingilio, Lakini Paa Lina Ruhusa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, Mji Mkongwe, Unguja)



Tumekuja kusema juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni ruhusa ya kuweka mitambo ya umeme wa jua juu ya nyumba zetu. Lilipotangazwa, mzee mmoja wa barazani alituuliza kama chama kimeishiwa na siasa hata kije kupanda juu ya mapaa. Tulimjibu kuwa mwenye kukumbuka kiza cha 2009 hatatuuliza swali hilo mara ya pili.

Natukumbushane. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima na haukurudi mpaka Juni. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo tulikaa miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Waya uliokuwa ukituletea umeme kutoka Bara kupitia chini ya bahari hadi Fumba ulilazwa mwaka 1980, nao ulikuwa umechoka. Maji hayakupanda kwani pampu zataka umeme. Samaki walioza, mafundi cherehani walirudi kukanyaga kwa miguu, na mwenye nacho alinunua jenereta ikanguruma usiku kucha dirishani mwa asiyenacho. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, nasi twashukuru. Lakini njia ni ile ile ya baharini, na mwenye kukaa kisiwani hana budi kuwa na akiba yake ya ndani.

Akiba hiyo ipo juu ya vichwa vyetu kila siku. Kinachobaki ni nani aseme ndiyo.

Mwenzetu mmoja, mjane, ana nyumba ya ghorofa mbili katika kichochoro kisichopitisha hata gari la ng'ombe. Alidunduliza, akanunua paneli sita, inveta na betri. Kwa kuwa ni raia mwema, alikwenda kwanza kuomba ruhusa. Huko akaambiwa alete ramani. Alipoileta akaambiwa ramani si ya aina ile, na alipoleta ya aina ile, bwana mwenye kupiga muhuri yuko safarini. Huu ni mwezi wa saba, na paneli zake zimeegemezwa ukutani, kuku wanazipandia. Jirani yake, ambaye hakuomba chochote, alipandisha zake siku ya Ijumaa baada ya sala, na mpaka leo anawasha feni. Hatuwahimizi watu kuvunja sheria. Lakini kanuni inayomtesa mwenye kuitii na kumstarehesha mwenye kuikwepa haina muda mrefu wa kuheshimiwa.

Sasa tuseme na upande wa pili, kwa sababu chama chetu hakitaki kupiga makofi kwa nusu ya maneno. Mji huu ni urithi wetu, na tangu 2000 umeandikwa katika Urithi wa Dunia. Ipo Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na sheria yake ya 2010, nasi twaziunga mkono. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zetu zabebwa na boriti za mikoko. Adui mkubwa wa nyumba hizi ni maji. Fundi asiyejua kazi akitoboa mabati pahali ishirini, akaacha matundu bila ya kuyaziba, masika moja yatosha: maji hushuka ndani ya ukuta, chokaa hulainika, ncha za boriti huoza pale zilipoingia ukutani, na mwenye nyumba huwa hana khabari mpaka sakafu iiname. Sote tuliona tarehe 25 Disemba 2020 upande wa Beit el Ajaib ulivyoporomoka, na watu wawili wakafa. Jumba lile lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 kwa nguvu za dola. Sisi na vijumba vyetu tutajisifu nini?

Kwa hivyo uzito upimwe. Paneli moja ya wati 400 ina kilo ishirini na kidogo. Sita ni kama kilo 130, tena zimetandazwa juu ya eneo kubwa, hazikusimama pahali pamoja. Mtambo wa kuchemshia maji kwa jua ni habari nyingine: lita 200 za maji ni kilo 200, bila ya tangi lenyewe, na zote zimekaa pahali pa kitanda kimoja. Na lile tangi la plastiki la lita elfu, ambalo ni tani nzima likijaa, mbona limezagaa juu ya mapaa ya mji mzima wala hatusikii mjadala? Tunauliza tu.

Husemwa kuwa paneli zitaharibu sura ya mji. Hapa ndipo tunapotaka wakubwa watusikilize kwa utulivu. Uingereza jua limelala kusini, hivyo paneli yapenda paa lililosimama na lielekee upande huo, hata kama ni mbele ya barabara. Sisi tuko kiasi cha nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hutupitia upande wa kaskazini, Disemba hutupitia upande wa kusini, na baina yake hukaa utosini. Paneli yetu yaweza kulala karibu sawasawa, ikainuliwa kidogo tu, nyuzi kumi hivi, ili mvua iioshe. Haina haja ya kutazama barabara. Yaweza kukaa upande wa ua wa ndani, au nyuma ya ukuta wa juu, na mpita njia katika vichochoro vyetu hataiona hata akikunja shingo. Ugomvi kati ya jua na urithi, hapa kwetu, ni mdogo kuliko tunavyotishwa.

Na hao Waingereza wenyewe wamefanyaje? Kwa kanuni za 2015, mwenye nyumba ya kawaida kule England haombi ruhusa ya mipango kuweka paneli juu ya paa lake la mteremko, maadamu hazikuchomoza zaidi ya sentimita 20 kutoka usawa wa paa na hazikupita kilele chake. Nyumba iliyoorodheshwa kuwa ya kihistoria ndiyo huombewa idhini yake mbali. Waliyatuletea makanuni mengi walipotutawala. Mwaka 1923 Lanchester aliuandikia mji wetu mpango mzima kutoka kwao. Hili la kumwachia mtu paa lake hawakutuletea, basi na tulichukue wenyewe.

Yapo mambo ambayo hatutaki yalegezwe. Inveta iliyounganishwa na waya za shirika lazima ijizime umeme wa mjini unapokatika, ama sivyo fundi aliyepanda nguzo akidhani waya umekufa atakufa yeye. Betri zisiwekwe chini ya ngazi: ngazi ndiyo njia ya kukimbilia, na gari la zimamoto haliingii vichochoroni. Vifungio viwe vya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chumvi ya bahari hula skrubu za kawaida, na kusi ikivuma paneli iliyolegea huwa panga. Hayo yakaguliwe, na afisa anayekagua tutampa chai.

Kuhusu kuuza umeme unaobaki, tusisubiri kama majirani zetu. Kenya iliitia haki hiyo katika Sheria ya Nishati ya 2019, na kanuni za kuitekeleza zikatoka 2024. Miaka mitano ya jua imepotea.

Ndugu zetu wa Ng'ambo watasema maneno haya ni ya wenye magorofa. Sivyo. Nyumba ya mabati ya Ng'ambo haina urithi wa kulindwa katika paa lake, na paneli mbili zatosha taa, redio, simu na feni. Huko haifai kuomba ruhusa kabisa, illa fundi awe na leseni.

Tunalotaka ni kanuni ya kurasa mbili, kwa Kiswahili, yenye vipimo: urefu gani, uzito gani, upande gani wa paa. Aliye ndani ya vipimo aandikishe na apandishe. Aliye nje ya vipimo, au nyumba yake ni ya daraja la kwanza katika uhifadhi, aombe, na ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku thelathini, pamoja na sababu akikataliwa.

Barua imeshaandikwa, iko kwa katibu wa tawi. Wenye kungoja ruhusa waje na tarehe waliyoomba kwanza na stakabadhi zao. Tutaanza na ya mjane wetu.