Video Ikikataa Kucheza, Usifute Kompyuta

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.)

Habari yako ndugu msikilizaji, popote ulipo: Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Dzaleka. Na wewe unayesoma kwenye karatasi kwa sababu betri ya redio imekwisha, karibu pia. Leo chukua kalamu.

Kwanza nina kosa la kukiri. Katika chumba cha kompyuta cha vijana hapa kambini kwetu tuna kompyuta za mezani za zamani, zinazotumia Linux ya aina ya Ubuntu. Jumamosi moja walikuja wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari kutazama video ya majaribio ya kemia. Shule yao haina maabara, kwa hiyo video ile ndiyo ilikuwa maabara yao. Nikachomeka fleshi, nikabofya faili. Kompyuta ikasema haiwezi kuicheza. Kijana mmoja anayejua mambo ya ufundi akasema: "Hii Linux ni mbovu. Tuifute, tuweke mfumo mwingine." Zamu ilikuwa yangu. Nikasema sawa.

Jioni video ilicheza. Jumatatu akaja mzee mmoja, mwalimu wa siku nyingi, akaomba tumchapishie diploma yake apeleke maombi ya kazi. Karatasi yenyewe iliungua nyumbani wakati wa kukimbia. Picha yake alikuwa ametupa sisi tumtunzie, katika kompyuta ile ile. Tulitafuta mpaka umeme wa sola ukaisha. Haikuwepo.

Ndugu msikilizaji, kompyuta ile haikuwa mbovu. Ilikosa kitu kidogo kinachoitwa kodeki.

Kodeki ni nini? Video ni mzigo mkubwa. Ili iingie kwenye simu au fleshi, hubanwa na kufungwa, kama unavyofunga nguo zako zote kwenye kitenge kimoja. Anayeufungua mzigo huo lazima ajue fundo lilivyofungwa. Kodeki ndiyo inayojua fundo. Herufi unazoona mwisho wa jina la faili, kama mp4 au mkv, zinakutajia mfuko tu; hazikuambii ndani mmefungwaje. Ndiyo maana faili mbili za mp4 zinaweza kuwa mezani pako, moja ikacheza na nyingine ikakataa.

Kwa nini Linux haiji na kodeki zote? Baadhi ya njia za kubana video zina hataza, yaani haki ya mvumbuzi kudai malipo. Watengenezaji wengi wa Linux huziacha nje, halafu wewe mwenyewe unaziongeza ukitaka. Hakuna kilichoharibika.

(Muziki mfupi.)

Sasa dawa yake. Inaitwa VLC. Ni programu ya kuchezea video na muziki, na alama yake ni koni ya barabarani ya rangi ya chungwa. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, na tangu 2001 imekuwa programu huru. Hulipii kitu. Ubuntu nayo ni ya bure, na ndugu zangu Warundi na Wanyarwanda hawahitaji kuambiwa, kwani wakisema "ku buntu" wanamaanisha bure.

Kabla ya kugusa chochote, omba ruhusa kwa msimamizi wa chumba. Kisha unganisha kompyuta na intaneti, hata ya simu. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Alt na T. Litafunguka dirisha la kuandikia amri. Andika mstari wa kwanza, bonyeza Enter, usubiri umalize:

sudo apt-get update

Utaombwa nywila. Ukiiandika hutaona hata nukta moja kwenye kioo. Usiogope, inaingia. Kisha andika:

sudo apt-get install --download-only vlc

Kompyuta itakuambia itapakua MB ngapi. Linganisha na bando lako. Likitosha, andika Y, bonyeza Enter. Amri hii inapakua tu, haijaweka kitu bado. Ikimaliza, andika:

sudo apt-get install vlc

Safari hii haitatumia bando tena. Sasa bofya faili ya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kufungua kwa programu nyingine, kisha VLC.

Kwa nini nimekupitisha hatua mbili badala ya moja? Kwa sababu bando ni pesa, na pesa ya kambini unaijua. Vile vilivyopakuliwa vimebaki kwenye folda hii:

/var/cache/apt/archives

Nakili faili zote zinazoishia na deb, uziweke kwenye folda tupu ya fleshi. Nenda kwenye kompyuta ya pili yenye Ubuntu ya toleo lile lile. Kama ya kwanza ni 22.04, na hii iwe 22.04. Fungua folda ile, bofya kitufe cha kulia mahali patupu, chagua kufungua dirisha la amri, uandike:

sudo dpkg -i *.deb

Bando la mtu mmoja linahudumia chumba kizima. Ikilalamika kuwa kuna kitu kinakosekana, andika jina lake kwenye karatasi, ukakipakue kwenye ile yenye intaneti.

Picha ikitokea bila sauti, fungua mipangilio, tafuta sehemu ya sauti, uangalie inatoka wapi. Mara nyingi kompyuta inaipeleka kwenye skrini isiyo na spika. Picha ikikwama-kwama, huenda video ni nzito kuliko nguvu ya mashine. Tafuta nakala ya 480p badala ya 1080p. Kwa kompyuta za zamani inatosha. Na jaribu video siku moja kabla, usingoje watu wakae kwenye mabenchi.

La mwisho, ndilo lililonifanya nizungumze leo. Mtu akikuambia "tuifute", muulize kwanza: ndani mna nini, na nakala iko wapi? Kwetu sisi kompyuta ya pamoja ni sanduku la vyeti vya watu, vya ndoa, vya kuzaliwa na vya shule. Ukiifuta, hakuna ofisi ya nyumbani utakayokwenda kesho kuomba kingine.

Siku hizi chumba chetu kina daftari mlangoni. Kila cheti tunachotunza kinaandikwa humo, na nakala yake inakaa kwenye fleshi mbili, kwa watu wawili tofauti. Yule mzee nilimwomba radhi. Alinisamehe, lakini kazi ile ilikwenda kwa mwingine.

Kama cheti chako kiko kwenye kompyuta moja tu, leo kabla ya jua kuzama nenda ukakitolee nakala. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.

(Muziki wa kipindi unapanda.)