Wenye Duka Waliopita Songea

Wasikilizaji wangu, mtu apitaye leo katika mji wa Songea huziona nyumba za duka za namna ya kale: baraza mbele, ghala katikati, na vyumba vya kulala nyuma. Nyumba hubaki, lakini mwenye duka hubadilika. Nataka kuwaeleza ni nini kilichombadilisha.

Wadachi walijenga boma hapa mwaka 1897. Mwaka wa pili yake ikaja kodi ya kibanda, na mtu asiye na rupia ikampasa auze nta au mpira. Ndiyo kusema, kodi ndiyo iliyompeleka mtu dukani, wala si tamaa ya nguo. Humo alikuta Mwarabu au Mhindi, na amerikani, kaniki, chumvi na majembe. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, biashara hiyo ikavurugika.

Zamani za Waingereza ikastawi tumbaku, na chama cha ushirika cha Ngomat kikaanzishwa mwaka 1936. Mkulima alipokea fedha chamani. Nadhani mwenye duka aliijua siku ya malipo kuliko mkulima mwenyewe!

Badiliko kubwa lilikuja baada ya Uhuru. Mwaka 1967, kwa Azimio la Arusha, Serikali ilitwaa makampuni makubwa ya biashara. Mwezi wa Aprili 1971 ikatwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na katika nchi nzima Wahindi wengi wakahama. Mwaka 1973 yakaanzishwa makampuni ya biashara ya mikoa. Kisha mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yafungwe, ya ushirika yashike mahali pao. Shauri lilikuwa jema kwa nia, lakini lilifanywa kwa haraka mno, likazuiliwa kabla halijatimia. Mwenye duka wa zamani aliweza kumkopesha mtu chumvi mpaka mavuno. Karani wa duka la umma hakuwa na ruhusa hiyo. Sabuni na sukari zikaadimika, watu wakapanga foleni.

Mwaka 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na rafu zikaanza kujaa tena. Siku hizi chumba cha mbele mara nyingi hukaliwa na mtu mwenye meza moja tu, atumaye na kupokea fedha kwa simu, kazi iliyoanza nchini mwaka 2008. Ghala hana haja nalo; hukodishwa mtu mwingine.