Karo Iliyolipia Ngoma



Wazazi, leo mmeimbiwa, mmeona igizo, mmepiga makofi. Huenda yuko mzazi aliyejiuliza kimoyomoyo kama karo aliyoipata kwa kuuza miraa ilikuja hapa Maua, kwenye chuo cha uuguzi, kulipia ngoma. Mzee, jibu ni ndiyo, na hukupunjwa.

Muuguzi hutumia mikono, lakini kutwa huwa anazungumza. Asubuhi husoma ripoti ya zamu mbele ya wakubwa wake. Baadaye husimama mbele ya akina mama walioleta watoto kuchanjwa, nusu ya watoto wakilia, aeleze lishe kwa Kimeru kinachoeleweka. Jioni huketi na mzee wa Igembe anayeitikia kila neno kwa adabu, kumbe hajaelewa namna ya kumeza dawa zake za presha. Aliyezoea kuigiza amezoea kumtazama mwenzake usoni na kungoja. Huyo ndiye atakayesema: "Baba, hebu nieleze utakavyozimeza ukifika nyumbani."

Hata udaktari hufunzwa kwa maigizo: mwaka 1963, huko Los Angeles, Dkt. Howard Barrows alianza kuwatumia watu waliofunzwa kuigiza wagonjwa ili kuwafundisha na kuwapima wanafunzi wa udaktari. Nanyi wahitimu, katika mazoezi mmeigiziana, mmoja mgonjwa, mwingine muuguzi. Huo nao ni mchezo, ila wenu ulitiwa maksi.

Sisemi wimbo hupima presha. Asiyejua kipimo cha dawa haokolewi na sauti tamu. Lakini wapo wauguzi wanaokijua kipimo barabara, na bado hunyamaza daktari anapokosea, maana hawajazoea kusikika mbele ya watu. Elimu yao haimfikii mgonjwa.

Na sauti humfikisha mtu mbali. Mwaka 2022, muuguzi wa Marsabit, Anna Qabale Duba, alishinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster Guardians, dola 250,000, akaipokea Dubai. Alijulikana kwa kuisemesha jamii yake kuhusu elimu na madhara ya ukeketaji, mambo ambayo wengi huyanong'ona tu.

Wahitimu, mkipata kazi, ombeni kutoa mafunzo ya asubuhi kliniki mwezi huo huo wa kwanza, kabla woga haujaota mizizi. Nanyi wakuu wa chuo, nawasihi: kwaya na maigizo yapewe saa kwenye ratiba, yasiachiwe Jumamosi jioni wanafunzi wakiwa wamechoka.