Kiyoyozi na Hewa ya Nje

Msikilizaji, baadhi ya ofisi za ghorofa pale Posta, Dar es Salaam, zina mitambo miwili: kiyoyozi cha kupoza hewa, na feni kubwa za kuingiza hewa safi. Mitambo hiyo isipowasiliana, umeme unaliwa bure.

Machi, hewa ya pwani ina joto na unyevunyevu mwingi. Kiyoyozi hakipozi tu, hukamua maji pia. Ndiyo yale yanayodondoka kwenye bomba nyuma ya jengo. Kwa hiyo kuingiza hewa ya watu mia kwenye ukumbi wenye watu kumi ni hasara tupu. Dawa yake ni kihisi cha kabonidayoksaidi. Nje kuna takriban sehemu 420 za gesi hiyo kwa milioni; watu wakijaa ukumbini kiwango hupanda, feni huongeza kasi, wakitoka, hupunguza. Na hapo ndipo penye utamu: feni ikipunguzwa kasi kwa asilimia 20, umeme inaokula hushuka karibu nusu. Kuzizima kabisa, kama wafanyavyo baadhi ya wasimamizi, ni ubahili wa kuwasinzisha wafanyakazi.

Nairobi kazi ni rahisi zaidi: hewa ya usiku inaweza kupoza jengo huku kompresa ya kiyoyozi imezimwa.

Fundi akija kusafisha vichujio, muulize kama mitambo yote miwili inaongozwa na kidhibiti kimoja.