Shimo la Kisiwani: Je, Ni Mtihani wa Haki?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mwenzetu, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani.)



Nimeombwa niseme nanyi kwa dakika chache juu ya jambo lolote nipendalo. Kwa kuwa ukumbi huu ndio uliotufunza mdahalo, nimechagua hoja ambayo wachezaji wa gofu wameibishania kwa zaidi ya miaka 40. Hoja yenyewe ni hii: shimo lililozungukwa na maji pande zote ni mtihani wa haki. Mkiona nimekwenda mbali, nivumilieni. Ajenda ya leo juu ya mfuko wetu wa masomo imo humo humo.

Kwa wasioujua mchezo huu, mpira mdogo hupigwa kwa fimbo mpaka uingie shimoni, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Kila shimo limo katika kipande cha majani mafupi kiitwacho grini. Mpira ukizama majini, mchezaji huongezewa pigo moja la adhabu, kisha hupiga tena.

Shimo ninalolisema ni la 17 katika uwanja wa TPC Sawgrass, jimbo la Florida, Marekani, uliofunguliwa mwaka 1980. Msanifu wake, Pete Dye, alikusudia maji yawe upande mmoja tu. Lakini mahali pale palikuwa na mchanga mzuri, na wajenzi wakauchota kwenda kuutumia sehemu nyingine za uwanja mpaka likabaki bonde kubwa. Ndipo mkewe, Alice Dye, naye msanifu na mchezaji hodari, aliposhauri bonde lijazwe maji na grini iachwe katikati kama kisiwa. Kutoka mahali pa kupigia hadi hapo ni yadi 137 tu, na mchezaji hutazamiwa kumaliza kwa mapigo 3. Hata hivyo, inakadiriwa kuwa mipira zaidi ya 100,000 huzama pale kila mwaka.

Sasa nianze na upande unaoikubali hoja. Wao husema hakuna kilichofichwa. Umbali unajulikana, maji yanaonekana, na kisiwa ni kile kile kwa tajiri na maskini. Anayeshindwa hawezi kusema alitegwa. Tena shimo hili liko karibu na mwisho, na bingwa sharti aonyeshe moyo wake saa ile mikono inapotetemeka. Mtazameni Sergio Garcia wa Hispania. Mwaka 2008, katika mashindano ya Players, yeye na Paul Goydos walitoka sare, wakarudishwa shimo la 17 kuamua mshindi. Goydos akaupeleka mpira majini, Garcia akautuliza karibu na shimo, akatwaa ushindi. Mwaka 2013 Garcia huyo huyo alifika pale akiwa sawa na Tiger Woods. Akazamisha mipira miwili, akatumia mapigo 7, na kombe likaenda kwa Woods. Shimo halikumpendelea wala halikumwonea. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Wapinzani nao wana neno zito. Maji, wasema, hayajui kupima kosa. Aliyekosa kwa shubiri moja na aliyekosa kwa hatua thelathini wote huzama, na adhabu yao ni moja. Mwaka 2007 kijana Sean O'Hair alikuwa wa pili nyuma ya Phil Mickelson, zikiwa zimebaki hatua mbili amalize. Akazamisha mipira miwili hapo kisiwani, akatumia mapigo 7, akaporomoka hadi nafasi ya 11 pamoja na wengine. Na huyo ni mtu wa kazi hiyo. Uwanja ule hupokea pia wageni wa kawaida wanaolipa kiingilio. Mgeni dhaifu hana njia ya kuzunguka wala nchi kavu ya kupumzikia mpira. Atapiga tena na tena mpaka mfuko wake uwe mtupu.

Wapinzani hutaja shimo la 16 la Cypress Point, California, lililosanifiwa na Alister MacKenzie, daktari wa Uingereza aliyeacha utabibu akajenga viwanja. Pale mpira huvushwa juu ya bahari yenyewe, zaidi ya yadi 200. Mwenye nguvu na ujasiri huikabili bahari moja kwa moja. Asiyeweza hupiga kushoto, penye nchi kavu, kisha husogea kwenye grini kwa pigo la pili. Amepoteza pigo moja, lakini hajatolewa mchezoni. Tangu mwaka 1920 MacKenzie alikuwa ameandika kwamba vikwazo vya kishujaa na viwepo, ila mchezaji dhaifu aachiwe daima njia nyingine, akikubali kulipa pigo moja.

Ndugu Mwenyekiti, mimi nasimama hivi. Kisiwa cha Florida ni haki kwa bingwa aliyejiandaa, anayeshindania kombe. Kisiwa hicho hicho si haki kikifanywa mlango wa watu wote. Na huyo Alice Dye aliyeshauri kisiwa ndiye aliyetetea sana viwanja viwe na mahali pa kuanzia pa mbele kwa wanawake, wasilazimishwe kupiga kutoka pa wanaume. Alijua kwamba ugumu ni jambo moja, na kumfungia mtu njia ni jambo jingine.

Nikirudi kwenye mfuko wetu, pendekezo lililo mbele yenu ni kwamba fedha zitolewe kwa waliopata daraja la kwanza peke yao. Silipingi kwa kupenda uvivu. Wenye daraja la kwanza wapewe, tena wapewe kwa shangwe, maana wameivuka bahari. Lakini yupo kijana aliyeanguka kidato cha nne kwa alama chache, na anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila hana ada ya mtihani wala nauli. Tukimwambia basi, tumelinganisha shubiri moja na hatua thelathini. Naomba sehemu ya mfuko iwe njia ya kushoto. Amekwisha kulipa pigo lake, kwani mwaka mzima umempita. Sisi watumishi wa umma, tunaoandika masharti na fomu kila siku, yatupasa kujiuliza swali hili hili kabla ya kutia saini.

Nanyi wadogo zetu, msitoke hapa mkidhani nimewaruhusu kulala. Njia ya kushoto ina gharama yake, na mwenye kuweza kuvuka asiikimbilie. Wala msidanganywe na ufupi wa safari: yadi 137 ni karibu, na waliozama ni wengi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.