Toundi Hakuuawa na Udadisi: Mtoto, Boyi na Shahidi katika Riwaya ya Ferdinand Oyono

Mhadhara wa umma uliotolewa Likasi, Haut-Katanga



Mada yangu ya leo imetokana na hasira. Katika semina moja ya fasihi huko Lubumbashi, mwenzetu mmoja alisoma makala kuhusu Une vie de boy ya Ferdinand Oyono. Alianza na methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha akatuambia kwamba Toundi, mhusika mkuu, alijiponza mwenyewe. Alichungulia vyumba vya wakubwa, akajua yasiyomhusu, akayalipia kwa roho yake. Ukumbi ulimshangilia. Tangu siku ile naikuta hoja hiyo kila mahali: katika insha za wanafunzi, katika mazungumzo ya walimu, hata katika maswali ya mtihani yanayomtaka mwanafunzi ataje makosa ya Toundi. Hakuna anayeuliza makosa ya komanda, bwana wake. Leo nataka kuivunja hoja hiyo, na nitaivunja polepole, kwa kuwa imeota mizizi.

Sitapoteza muda kwa mnayoyajua. Riwaya ilitoka Paris mwaka 1956, wakati mji huu wetu ukiitwa bado Jadotville. Habari za Négritude, za Mongo Beti kumlaumu Camara Laye kwa kuuchora utoto wa Kiafrika kwa rangi tamu mno, na za waandishi wote wa kizazi kile, mmezisoma darasani. Hadithi yenyewe nitaikumbusha kwa ufupi. Toundi Ondoua ni mtoto wa Kameruni. Anamkimbia baba yake mkali na kupata hifadhi kwa Padri Gilbert, anayembatiza jina la Joseph na kumfundisha kusoma na kuandika. Padri anapofariki kwa ajali ya pikipiki, Toundi anakuwa boyi, yaani mtumishi wa nyumbani, wa komanda, mtawala wa Kifaransa wa mji wa Dangan. Anaandika shajara katika madaftari mawili. Anasingiziwa wizi, anapigwa, anatoroka usiku hadi Guinea ya Wahispania, na huko anafariki. Madaftari yake ndiyo riwaya tunayoisoma.

Sasa tuishike hoja ya udadisi. Mwenzetu anadai kwamba Toundi aliuawa na kile alichokijua. Basi tuulize: alijua nini ambacho wengine hawakukijua? Bibi wa komanda alikuwa na uhusiano na Moreau, mkuu wa gereza. Jambo hilo alilijua mpishi. Alilijua Baklu, mfuaji, ambaye mashuka ya nyumba ile yalipita mikononi mwake. Alilijua mlinzi wa mlangoni. Wote hao walikuwa na macho, wote walisemezana jikoni, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Kama udadisi ndio sumu, kwa nini ilimuua mmoja tu kati ya walioinywa?

Jibu limo ndani ya kitabu, na anayelitoa ni Kalisia. Huyu ndiye mhusika ninayempenda kuliko wote, na ndiye wasomaji wetu wanayempita mbio kana kwamba ni pambo. Kalisia anaingia riwayani akiwa amechelewa, kama mtumishi wa chumbani wa bibi. Ameishi na Wazungu, anawafahamu ndani na nje, wala hababaiki mbele yao. Huyo ndiye anayemwambia Toundi aondoke mapema. Soma kwa makini sababu anayoitoa. Kalisia hamkemei Toundi kwa kuchungulia. Anachomweleza ni kwamba maadamu yeye yupo mbele ya macho yao, bwana na bibi hawataweza kusahau. Komanda amekwisha kumsamehe mkewe, au amejilazimisha kumsamehe. Kilichobaki cha aibu ile ni uso wa kijana anayeleta kahawa asubuhi.

Tuseme basi wazi: Toundi hakuponzwa na kujua, aliponzwa na wao kujua kwamba anajua. Tofauti hiyo ndiyo riwaya yenyewe. Anayejua peke yake ni mdadisi. Anayejua, na wakubwa wakafahamu kwamba anajua, ni shahidi. Na katika nyumba ile ya Dangan shahidi mweusi hakuwa na mahali pa kukaa.

Tutazame na namna alivyokamatwa, maana hapa hoja ya udadisi inakufa kabisa. Toundi hakushtakiwa kwa kuchungulia. Sophie, mwanamke Mwafrika aliyekuwa akiishi na mhandisi wa kilimo, alitoroka na sanduku la fedha za bwana wake. Mhandisi akadai kwamba Toundi ni mchumba wake Sophie. Nyumba ya dada yake Toundi ikapekuliwa, hakikupatikana kitu. Hata hivyo alifungwa, akatumikishwa na kupigwa, hadi ubavu ukavunjika na kumjeruhi kifua. Komanda alinyamaza. Bibi alinyamaza. Shtaka la wizi lilikuja kama msaada kwa watu waliokuwa wakitafuta njia ya kumwondoa. Je, tuwafundishe watoto wetu kwamba hilo ni kosa la Toundi?

Nimsikilize mwenzetu kwa haki. Anayo mambo mawili ya kweli. La kwanza, Toundi alikuwa na majivuno: alipoingia nyumba ya komanda alijiona amepanda juu ya wenzake wote. La pili, tangu utotoni aligombania vipande vya sukari ambavyo padri alikuwa akiwarushia watoto, na ugomvi wa sukari hiyo ndio uliomtoa kwao, usiku wa kuamkia jando lake. Nakubali yote mawili. Lakini nani aliyekuwa akirusha sukari? Mtoto anayeokota utamu uliotupwa mbele yake ni mtoto kama mtoto mwingine. Anayerusha ndiye mtu mzima, na ndiye wa kuulizwa. Hata ile methali ya semina inamgeukia aliyeileta: Toundi alimsikia mkuu kupita kiasi. Alimwacha baba yake, akajifunza dini ya mkuu na lugha ya mkuu, na hata tabia ya kuandika shajara aliiga kwa padri. Guu lilivunjika kwa kusikia.

Wengi wenu mmesoma pia riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird, iliyotoka Marekani mwaka 1960. Nayo inamtumia mtoto kutuonyesha ubaguzi. Lakini mtoto yule, Scout, ni Mzungu na ni binti wa wakili. Anaiona dhuluma akiwa juu kwenye roshani ya mahakama, kisha anarudi kulala kitandani kwake. Tom Robinson, mtu mweusi asiye na hatia, walau alipata jaji, baraza na wakili, ingawa havikumwokoa. Toundi hakupata hata kivuli cha mahakama. Na Calpurnia, mtumishi aliyemlea Scout, mwanamke aliyejua kusoma na kumfundisha mwanawe, tunamwona kwa macho ya mtoto wa bwana tu. Siku Tom anapouawa, Calpurnia anafuatana na Atticus, baba yake Scout na wakili wa Tom, kwenda kumpa mjane habari. Hatusikii moyoni mwake kuna nini. Tunasimuliwa na Scout, naye amesimuliwa na mtoto mwenzake. Oyono alifanya ambalo Harper Lee hakulifanya: alimpa mtumishi kalamu.

Hapo ndipo ninapomkumbuka babu yangu. Alikuwa boyi hapa mjini kwa miaka mingi, katika nyumba ya mhandisi mmoja wa migodi, akilala katika kijumba cha nyuma ya ua. Vijumba hivyo bado vipo katika mitaa ya zamani ya Wazungu. Wapita njia hudhani ni stoo. Watoto wa nyumba ile, wa umri wa kwenda shule, walimwita boyi, naye alikuwa na mke na watoto watano. Nilipokuwa kijana alinionyesha daftari la shule lenye jalada lililofifia. Nilitarajia hadithi. Nilikuta safu za penseli: tarehe, sukari, sabuni, mishumaa, vijiko. Kila jioni alihesabu vijiko mbele ya bibi na kuandika idadi. Nikamwuliza sababu, kwa kuwa bibi hakumwagiza. Akanijibu kwamba siku kijiko kitakapopotea, neno lake halitakuwa na uzito, lakini daftari litakuwa nao.

Ndugu zangu, jibu lile limenifundisha kuhusu Oyono zaidi ya vitabu vingi vya uhakiki. Boyi aandikapo hajipumbazi. Anaandaa utetezi wake. Toundi naye, anapoandika alichokiona bafuni, chumbani, na gerezani ambako Moreau alikuwa akiwatesa watu walioshukiwa wizi, anatoa ushahidi kwa kesi ambayo hakuna atakayeifungua. Wala si ajabu kwamba Oyono alisomea sheria Paris.

Nanyi wanafunzi wa Katanga mnao ushahidi wa namna hiyo hapa hapa nyumbani, tena kwa Kiswahili chetu. Mwaka 1965 André Yav, aliyekuwa boyi mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, alikusanya kumbukumbu kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, zikapigwa chapa kwa mashine kwa jina la Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina linasema msamiati. Ndani ni historia. Inaanza na ujio wa Wazungu, inapita katika migodi ya Union Minière, vita na kazi, hadi baada ya uhuru. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha kitabuni mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Natamani ningekuwa na usiku mzima wa kuizungumzia. Maandishi hayafuati tahajia ya shule. Maneno yameungana, nukta zinawekwa zinapotaka. Fabian mwenyewe hakuweza kuyafungua kwa macho. Ilibidi Kalundi Mango, mtu wa huku kwetu, ayasome kwa sauti ndipo sentensi zikajitenga. Nimelifanya jambo hilo na wanafunzi wangu. Aliyeyatazama kimya alisema hayasomeki. Aliyesimama na kuyatamka, masikio ya darasa yakafunguka, maana ni maneno ya barazani katika mtaa wetu wa Kikula, ni maneno ya nyanya zao. Na angalia msemaji anavyojiweka: hasemi mimi, anasema sisi maboyi. Anadai kwamba watumishi waliofuatana na Wazungu tangu mwanzo ndio wenye kujua mji ulivyojengwa, kwa kuwa walikuwamo ndani ya nyumba maamuzi yalipokuwa yakisemwa mezani.

Wapo wanahistoria wanaomkosoa Yav kwamba huchanganya tarehe na kupokea uvumi. Ukosoaji huo una msingi, na anayetaka mwaka wa tukio asimtegemee yeye peke yake. Wapo pia wanaonionya nisilinganishe riwaya na hati, kwa sababu Toundi ni mtu wa kubuni na Yav alikuwa mtu wa nyama na damu. Onyo hilo nimelipima. Bado nasimama pale pale: vitabu hivi viwili ni faili moja. Kimoja kinatuambia mtumishi alifanywa nini; kingine kinatuambia mtumishi alikumbuka nini. Anayesoma Oyono bila Yav huenda akadhani boyi alikufa na habari zake. Anayesoma Yav bila Oyono huenda asione bei ya kila sentensi iliyoandikwa.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Walimu wa sekondari, futeni swali la makosa ya Toundi. Wekeni badala yake swali hili: nani alifaidika na kukamatwa kwake? Wakuu wa vyuo, kurasa za Yav ziingizwe katika masomo ya fasihi na historia ya Katanga, zisomwe kwa sauti, wala zisiachiwe wataalamu wa ng'ambo peke yao. Na ninyi wazazi, kama kuna kitabu cha kazi, barua au daftari la baba au babu aliyefanya kazi katika nyumba za Jadotville, msilitupe wala kuwashia mkaa. Lileteni tulinakili, kisha mrudi nalo nyumbani. Huo ni ushahidi, na kesi yake haijasikilizwa.